Kuku Aliyefungwa Plasta

Nyie mnaotoka uwanjani mnachechemea huku mnamwambia mwalimu "niko poa, ticha," hebu njooni hapa kwanza. Kaeni. Sina fimbo wala sindano. Nimestaafu, nalima mahindi yangu huku Mwamkulu, na silaha pekee niliyobaki nayo ni mdomo.

Nilifanya kazi chumba cha plasta, hospitali ya pale Mpanda, tangu nina kiuno mpaka kiuno chenyewe kikanikimbia. Mifupa niliyoifunga mimi, ukiilaza chini mmoja mmoja, inafika Tabora sambamba na reli, na mingine inabaki ya kujengea stesheni. Jina langu la kwenye cheti wengi hawalijui, hata hicho cheti chenyewe cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nimekaa dawati moja na vijana ambao wengine nilishawahi kuwafunga mikono. Watu wananiita Mama Plasta. Mchungaji aliwahi kuniita hivyo mbele ya kanisa zima, kanisa likaitikia amina.

Kazi hii alinifundisha Mzee Sikazwe, Mfipa mmoja mrefu, mkimya, mikono yake ina weupe usiotoka hata kwa sabuni ya magadi. Zamani hizo rola za plasta tulikuwa tunazitengeneza wenyewe. Unatandika bendeji mezani, unamwaga unga wa plasta, unaupaka kwa kiganja, unaviringisha. Jioni tunatoka kama watu waliolala mashine ya kusaga sembe. Mume wangu alikuwa ananipangusa kwanza mlangoni ndiyo ananisalimia. Siku hizi rola zinakuja kwenye pakiti, na kuna zile ngumu nyepesi za kijani na pinki, vijana wanachagua rangi kama wanachagua raba za kuendea disko.

Plasta yangu ya kwanza niliifunga nene mpaka mgonjwa akawa kama amebeba nguzo ya umeme. Mzee Sikazwe aliizunguka polepole, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga.

"Mama," akasema, "huyu umemfunga au umemjengea?"

Hakunifokea. Alinikalisha, akanifunga mimi mkono wa kulia, mzima wa afya, akaniambia nenda nao nyumbani. Nikasonga ugali kwa mkono wa kushoto, nikamenya mihogo kwa meno, nikajikuna kwa mwiko mpaka mwiko ukakosekana jikoni. Niliporudi kutolewa, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mfupa unajiponya wenyewe. Sisi kazi yetu ni kuuambia utulie, na kuipisha damu."

Shikeni hapo pa kuipisha damu. Tutapahitaji.

Sasa nyie. Safari yenu naijua kuliko mnavyoijua wenyewe. Umekanyaga shimo, enka imepinda. Rafiki yako ambaye hajui hata alama ya jibu la hesabu anakuja anakuvuta mguu eti anaunyoosha. Unafika nyumbani, mama anachemsha maji, anatia chumvi, anakukanda mpaka unaona nyota mchana. Kesho yake duka la dawa, vidonge vya maumivu. Kesho kutwa kwa mama fulani wa mtaa wa pili anayechua. Jumamosi kuna mechi, unafunga mguu kwa soksi mbili, unacheza. Halafu ndiyo unakuja kwangu. Mimi nilikuwa kama Mpanda yenyewe, treni ikishafika hapo haina tena pa kwenda.

"Umeumia lini?" namuuliza kijana.

"Jana, mama."

Naangalia enka, ina njano, ina kijani, ina rangi ambazo hata bendera hazina.

"Jana ya mwaka gani, baba?"

Hapo ndipo anacheka, na akishacheka anasema kweli. Kwamba aliogopa kuachwa kwenye timu. Kwamba baba angesema mpira basi. Au kwamba wenzake wangemwita mtoto wa mayai. Msichana mmoja aliniambia alicheza netiboli na kidole kilichovunjika kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anajua kufunga, na akifunga alikuwa anageuka pembeni, analia, anafuta machozi, anarudi.

Kwa enka iliyopinda leo hii, maji ya moto acheni. Maji ya moto siku ya kwanza ni kuukaribisha uvimbe na kuupa kiti. Tafuteni baridi. Sisi pale mjini tulikuwa na Bi Zuhura wa Kashaulili, mwenye duka, friji lake la barafu za ubuyu limewaokoa wachezaji wengi kuliko mimi. Nilikuwa nawaambia: nunua barafu, izungushie kitambaa, usiiweke kwenye ngozi kavukavu, weka kidogo, toa, upumzishe, weka tena. Mguu uwe juu ya mto. Na kama huwezi kuukanyaga kabisa, au umekaa upande usio wake, hiyo siyo kazi ya barafu, njoo hospitali siku hiyo hiyo.

Bi Zuhura akawa ananilalamikia. "Mama Plasta, wagonjwa wako wananimalizia barafu, watoto wanaotoka madrasa wanakosa."

"Si wanakulipa, dada?"

"Wanalipa. Lakini wakishamaliza kupoza mguu wanakaa pale kibarazani wanaifyonza ile ile. Wananitia kinyaa, wallahi."

Basi. Hayo ya barafu ni ya kuchekea. Nimewaita kwa ajili ya Kabula.

Kabula alikuwa kidato cha tatu, sekondari moja kule Mpimbwe. Winga wa kushoto wa timu ya wasichana. Waliomwona akicheza wanasema akishika mpira pembeni, beki alikuwa anabaki anatafuta kama mtu aliyedondosha funguo. Mimi sikumwona uwanjani hata mara moja. Nilimwona amelala.

Nilikuwa likizo Majimoto, huko huko Mpimbwe, kwa dada yangu, mpunga umeshavunwa, tumekwenda sokoni kuuza. Akanijia Mwalimu Tenson, mwalimu wa michezo wa shule ya Kabula. Tulifahamiana kwa sababu kila msimu wa mashindano alikuwa ananiletea mikono na miguu Mpanda.

"Mama Plasta! Mungu ndiye aliyekuleta."

"Mimi nimekuja na basi, mwalimu. Kuna nini?"

Akanivuta pembeni ya magunia. Akaniambia Kabula amevunjika muundi wa mguu wa kushoto kwenye mechi siku kadhaa nyuma, na kwamba mlio ulisikika mpaka kwa magolikipa wote wawili. Yeye aliufunga kwa vipande vya boksi, akatuma pikipiki iende kutafuta gari la kumpeleka kituo cha afya. Kabla gari halijapatikana, baba yake Kabula akatokea, akasema mifupa ya nyumba yake inafungwa na Mzee Lubasha.

"Ningefanyaje, mama? Ni mtoto wake."

"Kwani sasa yukoje?"

"Wenzake wamekwenda kumsalimia. Wanasema yuko poa, anacheka nao. Ila vidole vya mguu vina rangi ya bilinganya."

Ile kilo ya mchele niliyokuwa napima niliiacha pale pale. Dada yangu mpaka leo ananidai.

Tulikwenda kwa pikipiki, mwalimu na yake, mimi na yangu. Njia ya huko mimi nasema ng'ombe wenyewe huwa wanaiogopa. Tukafika kwa Mzee Shija, baba yake Kabula. Mji mkubwa, zizi limejaa, mabati yanang'aa. Ni Msukuma, familia yao ilikuja huku na mifugo kutoka Shinyanga yeye akiwa mdogo. Msije mkamwona mjinga huyu mzee. Wakati wenziwe walikuwa wanawaoza mabinti, yeye wa kwake alimpeleka shule, na aliposikia binti anacheza mpira na bukta, alikwenda kumwangalia. Majirani walimsema mpaka wakachoka wenyewe.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama, akanipa kigoda, akaagiza maziwa.

"Mwangaluka, baba. Nimekuja kumwona binti."

"Mwone. Anaendelea vizuri."

Kabula alikuwa ndani, kitandani, mguu umefungwa vijiti kuanzia chini ya goti mpaka kwenye unyayo, kwa vitambaa vilivyokazwa safu kwa safu. Kazi ya mtu anayejua, nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Mfupa ulikuwa umenyooka. Lakini vijiti vile vilifungwa mguu ukiwa bado haujavimba, na mguu uliovunjika lazima uvimbe, hata uufunge kwa hariri. Ulikuwa umevimba ukakosa pa kwenda. Vidole vimetuna, vinang'aa, na rangi ni ile aliyoitaja mwalimu.

Nikakibonyeza kidole kidogo kwenye ukucha. Mtu mwenye afya ukimbonyeza ukucha unakuwa mweupe, ukiachia damu inarudi pale pale, wekundu unaonekana. Jaribuni sasa hivi kwenye mikono yenu. Eeh. Wa Kabula niliuachia, nikasubiri. Haukubadilika.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Niko poa, mama."

"Sijakuuliza kama uko poa. Nimekuuliza unaumwa."

Akaangalia paa. "Mwanzo uliuma sana. Yaani nilikuwa nauma shuka. Sasa hivi wala sisikii kitu. Nadhani ndiyo unapona."

Mguu uliovunjika ukiacha kusikia, haujapona. Unakufa.

Nikatoka nje. "Baba, hivi vitambaa vifunguliwe sasa hivi."

Mzee Shija hakukasirika. Alinionyesha tenga lililofunikwa pale uani. Chini yake kuku, mtetea mweupe, mguu mmoja umefungwa vijiti vidogo.

Wengine mnajua, wengine mnasikia leo. Mzee Lubasha, kama wafunga mifupa wengi wa Kisukuma, akimfunga mtu huvunja na mguu wa kuku, upande ule ule, akaufunga kwa dawa ile ile na kwa namna ile ile. Kuanzia hapo kuku na mgonjwa ni kitu kimoja. Hakuna kufungua mpaka kuku asimame akatembee mwenyewe. Kuku akitembea, na mtu anafunguliwa.

"Kuku hajatembea, mayu," akasema Mzee Shija. "Nikifungua kabla, nimeuharibu mguu wa mwanangu kwa mkono wangu. Na kuku anaendelea vizuri. Anakula, anajikuna. Nilimpelekea salamu Mzee Lubasha, nikamwambia kuku hana neno, akasema basi, subirini."

Nikamrudia Kabula ndani, nikamnong'oneza. "Wewe unasoma biolojia. Mwambie baba yako."

Akacheka kidogo. "Mama, biolojia naijua. Ila kila asubuhi nikiamka nauliza, kuku ameamkaje?"

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumtisha yule mzee kwa maneno ya hospitali. Lakini nimeona wengi waliotishwa, wanachukua mgonjwa wao wanampeleka mbali zaidi. Nikachuchumaa pale kwenye tenga, nikamtoa kuku, nikamweka mapajani. Mikono yangu imezoea kutafuta kitu kimoja tu, kwa mtu, na kumbe hata kwa kuku: pale palipofungwa, pamekaza au pana nafasi? Nikapitisha kidole kati ya kamba na mguu. Kikapita. Kikapita na kingine.

"Baba," nikasema, "muite Mzee Lubasha. Mwambie aje amwone kuku."

Hilo alilikubali upesi. Kijana wa pikipiki akavuka mto, akarudi na mzee mwembamba, kofia ya sufu kichwani pamoja na jua lile. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikashindwa, kwa sababu alipofika hakumsalimia mtu, alinawa mikono kwanza.

Akamshika kuku. Akagusa ile kamba.

"Huyu siyo mimi niliyemwacha hivi," akasema. "Nilimfunga sawa na mtoto. Nani kamlegeza?"

Mzee Shija akamwangalia mke wake, mke akawaangalia watoto. Ndipo bibi yake Kabula, mama yake Mzee Shija, aliyekuwa anachambua mboga kwenye kivuli cha ghala, akaweka ungo chini.

"Ni mimi."

"Mama!" Mzee Shija akasimama.

"Alikuwa analia. Kutwa nzima analia, hali, hanywi, mguu umemvimba. Nikamhurumia nikamlegezea. Akanyamaza, akaanza kula."

Mzee Lubasha akauliza taratibu, "Na mtoto?"

"Mtoto hakulia," bibi akasema.

Wanangu, nimesikia mifupa ikilia, nimesikia watu wazima wakiita mama zao kwenye meza yangu. Sijasikia neno zito kama lile. Mtoto hakulia. Alikuwa anauma shuka. Alikuwa anawaambia wenzake yuko poa, anacheka nao, kwa sababu mchezaji mzuri halii. Kuku asiyejua sifa alilia, akalegezewa, akapona. Na afya ya yule kuku ndiyo iliyokuwa inapelekwa kwa Mzee Lubasha kama salamu za mguu wa Kabula.

Mzee Lubasha akakaa chini, mavumbini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuku na mtoto ni kitu kimoja. Kuku amelegezwa. Mtoto alegezwe. Mngeniita siku ile ile."

Alifungua yeye mwenyewe, kwa kisu kidogo, kuanzia kwenye vidole kupanda juu. Mimi nikaushika mguu usicheze. Vitambaa vilipoachia, damu ikaanza kutafuta njia yake ya zamani, na hapo Kabula akapiga ukelele ambao ng'ombe zizini waliinua vichwa.

"Lia," Mzee Lubasha akamwambia. "Lia, mjukuu wangu. Lia sana."

Tuliufunga upya kwa ulegevu, ubao upande mmoja, nguo laini, vidole vyote nje vionekane. Mwalimu Tenson akapata gari la mpunga linalokwenda Mpanda. Tukamlaza Kabula juu ya godoro, magunia yakiwa kitanda. Baba yake akapanda. Na kuku naye akapanda, mikononi mwa baba.

Nitawaambia ukweli, njiani nilikuwa nabonyeza kucha kama mtu anayepiga simu isiyopokelewa. Kidole gumba kikaanza kuitika. Cha pili kikafuata, kwa shida. Vitatu vya mwisho vikanyamaza.

Hospitali daktari akamwona pale pale. Kijana mdogo, ametoka chuo juzijuzi, mikono mizuri. Akasema mguu upumzishwe kwenye plasta ya nusu, ile inayokaa upande mmoja tu ili uvimbe upate nafasi, halafu waangalie vidole. Akamweleza Mzee Shija kila kitu, bila haraka. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Mfungeni," akasema. "Ila na kuku afungwe hivyo hivyo."

Daktari akatabasamu, akadhani ni utani. "Mzee wangu, hii siyo kliniki ya mifugo."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimeomba, sijaamrisha. Nimeshawaachanisha mara moja. Sitawaachanisha tena."

Daktari akaniangalia. Nikamwambia kuna vipande vya mwisho wa rola ambavyo huwa tunavitupa. Akafikiri. Akavua koti jeupe, akalitundika mlangoni.

"Mama Plasta, wewe funga. Mimi nitakamata mabawa."

Tukafanyia nyuma, kwenye karo la kufulia. Habari ilizagaa kuliko moto wa nyasi. Wodi zilihamia madirishani, na nasema wazi kwamba hata waliokuwa kwenye dripu walitoka na dripu zao. Kuku yule alinidonoa mahali ambapo mpaka leo kukibadilika hali ya hewa panawasha. Nilimfunga plasta ya nusu, nyepesi, vidole nje. Mzee Shija akasimama pembeni akitazama kila mzunguko wa rola, na nilipomaliza akainama, akapitisha kidole chake mwenyewe pale kwenye ukingo, akaona kinapita. Akashusha pumzi.

Hapo ndipo kicheko kinapoishia, wanangu.

Vidole vitatu vya Kabula havikurudi. Vilikauka wiki hadi wiki, vikawa vyeusi kama mkaa, na daktari akasema visipokatwa vitachukua na vingine, na baadaye unyayo. Mzee Shija alikuwa anakaa nje ya wodi na kuku wake kwenye boksi. Kuku alikuwa amekwisha simama, anazunguka na plasta yake, kok, kok, anagonga sakafu. Daktari alipomaliza kueleza, mzee akamtoa kuku, akamweka mapajani, akaanza kuvigusa vidole vyake. Kimoja, kingine, kingine.

"Huyu anavyo vyote," akasema.

Nikasema ndiyo, baba.

Akamrudisha kuku kwenye boksi. "Mkateni," akasema. Halafu akainua uso. "Lakini nipeni. Kitu cha mwanangu hakitupwi kwenye shimo la hospitali."

Tukampa. Nilivifunga mimi mwenyewe, kwa pamba na bendeji safi, halafu akaleta kitenge cha mama yake Kabula tukazungushia. Akasema anakwenda kuvizika nyumbani, upande wa makaburi ya babu zake waliofia huku, atarudi baada ya hapo.

Nikaingia wodini. Kabula alikuwa macho, ameshasikia. Nikajiandaa kumbembeleza, nikakaa kitandani, nikamshika mkono. Akaniangalia, akasema, "Mama, kumbe mtu anaweza kuzikwa kidogo halafu akaendelea na shule."

Akacheka. Nikacheka naye, maana mimi sijawahi kuachia kicheko kipite bure. Halafu uso ukamkunjamana, akasema, "Unauma, mama. Unauma sana." Na mimi nikamwambia endelea, sema, hapa hakuna mechi. Akalia mpaka wa kitanda cha jirani wakaanza kulia naye, na nesi akaja akamwongezea dawa ya maumivu, kwa sababu sasa alikuwa amejua kuwa inahitajika.

Mtataka kujua aliishia wapi. Alirudi shuleni kwa magongo, akamaliza. Mfupa uliunga vizuri, na hilo nampa Mzee Lubasha haki yake, alikuwa ameunyoosha sawasawa. Anatembea. Akivaa viatu vya kufunika huwezi kujua. Ile mbio ya pembeni ndiyo haikurudi. Mzee Lubasha naye bado anafunga watu, na kuku bado anavunjwa miguu, sitawadanganya kwamba dunia iligeuka. Ila alianza kuwafuata wagonjwa wake majumbani kesho yake baada ya kuwafunga, na wakija hospitali kutoka kwake, vidole vinakuja vimeachwa wazi.

Kwa hiyo ukiumia, sema. Sema uwanjani, sema nyumbani, sema kwa sauti ya kumkera mwalimu. Uliyefungwa, awe amekufunga mganga, awe mwalimu, awe mimi mwenyewe na plasta yangu, ukisikia panakaza, panachoma, vidole vimepoa au vimekufa ganzi, usisubiri kesho na usimwonee mtu haya. Na wewe uliyekwenda kumsalimia mwenzako aliyeumia, usiishie kumuuliza yukoje. Funua shuka uangalie vidole.

Siku Mzee Shija alipoondoka kwenda kuzika, nilimsindikiza stendi. Alikuwa amevaa suti yake ya kaki iliyonyooshwa, mkono mmoja boksi la kuku, mkono mwingine kile kifurushi cha kitenge. Kuku tulikuwa tumemtoa plasta asubuhi ile, mzima, anachungulia nje kama abiria mwenye haraka.

Konda, kijana wa maneno mengi, akamzuia mlangoni. "Mzee, kuku hapandi na watu. Kwenye buti. Na hicho kifurushi kingine nipe nikipange."

"Kuku mpeleke popote," Mzee Shija akasema, akampa boksi bila kulitazama. "Hiki nakaa nacho mimi."

"Kwani kuna nini humo, mzee? Vyombo?"

"Ni mwanangu."

Konda akacheka, akadhani anataniwa, akampisha. Mzee akapanda, akakaa dirishani, akakiweka kile kifurushi mapajani, amekishika kwa mikono yote miwili, polepole, kama mtu anayeogopa kukibana.